Jinsi ya kupiga picha za sarakasi usiku bila flashi

Naongelea zile shoo mnazozijua, vijana sita saba wa sarakasi kwenye hoteli za ufukweni, Diani, Nungwi, Kunduchi huko, usiku wageni wameshakula, taa mbili tatu za rangi zimefungwa kwenye nguzo, muziki unapandishwa halafu jamaa wanaanza kurushana. Au ukumbini kabisa, kama Sarakasi Dome pale Ngara Nairobi au TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, ambako angalau unakuta taa za maana. Watu kibao wanatoka hapo na picha mia tatu na karibu zote zimecheza, mkono una mikia mitatu, uso hauonekani, wanailaumu kamera. Kamera mara nyingi haina kosa lolote. Shida ni kwamba mtu anaweka seti moja mwanzo wa shoo anaenda nayo hadi mwisho, wakati sarakasi siyo kitu kimoja, kuna vipande mwili unasimama kabisa na kuna vipande hausimami hata kidogo, na kila kipande kina spidi yake ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya kazi hata kama kamera yako ni ya zamani.

Kabla hatujaenda mbali, flashi inabaki kwenye begi. Na siyo suala la ustaarabu tu. Mtu anaporuka kinyumenyume kutua kwenye mabega ya mwenzake anatafuta kwa macho pale pa kutua, ukimpiga mwanga mkali usoni gizani anabaki na doa jeupe machoni kwa sekunde kadhaa na yeye bado yuko hewani, hajatua. Kwa hiyo flashi zima, halafu ingia kwenye menyu uzime na kile kitaa kidogo cha mbele kinachowaka kusaidia fokasi, wengi wanakisahau hicho, kinawaka chekundu au kijani kila ukibonyeza nusu. Na mwanga wa skrini ya nyuma punguza, mtu aliyekaa nyuma yako naye kalipa.

Sasa turudi kwenye mwili kusimama. Mtu akirukia juu, kuna sehemu pale kileleni hapandi wala hashuki. Ukipiga hesabu za fizikia za fomu three, ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kileleni anakuwa ameshuka kama sentimita tano tu, yaani amesimama kwa lugha ya picha. Kwa hiyo mruko wa kawaida, ule wa mikono juu miguu imepanuka, unaukamata vizuri tu na 1/250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde, na hata 1/200 ukiwahi kileleni. Ila samasoti, ule wa kupinduka hewani, ni habari nyingine. Hapo mwili mzima unaweza kuwa umefika kileleni lakini mzunguko hauna kileleni, miguu inaendelea kuzunguka vilevile. Chukua mtu aliyejikunja anayezunguka mara moja kwa kama sekunde 0.7, miguu yake inatembea kama mita nne na nusu kwa sekunde, kwa 1/250 inasogea karibu sentimita mbili kabla shata haijafunga na hiyo inaonekana kabisa ukikuza. Kwa 1/1000 inasogea nusu sentimita, hapo sawa. Ndo maana unaona mtu anapata picha kali ya piramidi halafu samasoti zote zimeharibika na haelewi kwa nini, seti ni ileile.

Upande wa pili kuna vipande ambavyo unaweza kushuka sana. Piramidi ya watu, yule wa juu kabisa akishanyoosha mikono wanatulia hapo wasubiri makofi, 1/125 inatosha na wakitulia kweli hata 1/60. Viti, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine jamaa anasimama kwa mikono kule juu, pia anatulia, tena pale ni lazima atulie maana akitikisika kila kitu kinashuka. Wale wa kujikunja viungo wanatembea polepole mwanzo mwisho. Rola bola, ule ubao juu ya silinda, unadanganya kidogo, kiwiliwili kinaonekana kimetulia ila magoti na ubao vinacheza muda wote, mi huwa naenda 1/250 hapo. Ukiwa kwenye 1/125 badala ya 1/1000 umeokoa stopu tatu nzima, kila stopu ni mwanga mara mbili, maana yake ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga) ya 6400 inakuwa 800, tofauti unaiona kwa macho bila kuambiwa.

Sasa utajuaje kipande gani kinakuja? Uliza. Nenda mapema, mtafute kiongozi wa kundi, kila kundi lina mkubwa wao, msalimie vizuri, mwambie unataka kupiga picha na utawapa, muulize leo mnaanza na nini mnafunga na nini. Atakutajia mpangilio wote na pengine akwambie simama pale ndo utaona vizuri. Shoo zenyewe zina mpangilio ambao haubadilikibadiliki sana. Na kuna sababu viti na sahani za kuzungusha vimezoeleka hivo kwetu, miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, wakarudi likaanzishwa kundi la taifa, baadaye sanaa hiyo ikaendelea kufundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ndo hiyo TaSUBa ya leo. Kwa hiyo ukiangalia video za sarakasi za Kichina nyumbani unajifunza mengi kuhusu wapi mtu anatulia kwenye viti, ni bure na haichoshi.

Shoo ikishaanza usikodolee kamera tu, sikiliza. Ngoma inakatika kabla ya kitu kikubwa, au kuna mmoja anapiga ukelele wa kuhesabia. Na tazama magoti ya wale wa chini, wanaomrusha mwenzao. Magoti yakishuka mtu anapaa muda huohuo. Kidole chako kinachelewa, binadamu anachukua kama robo sekunde kuona na kubonyeza, ukisubiri umuone kileleni ndo ubonyeze utampiga akiwa anashuka na shati limefunika uso. Bonyeza anapoanza kunyanyuka, piga mfululizo mfupi, picha nne tano, acha. Watu wanashikilia kidole toka mwanzo wa muziki, bafa, ile kumbukumbu ya muda ya kamera, inajaa, kamera inaanza kuandika kwenye kadi taratibuu na hapohapo ndo jamaa anapita kwenye pete mbili kwa mpigo, wewe unaangalia kataa kekundu kanakonyeza. Halafu usifikiri mfululizo unakuokoa kwenye samasoti, kamera ya picha kumi kwa sekunde inakupa saba tu kwa mzunguko mmoja, na kati ya hizo saba ni mbili au moja ambayo umbo linaeleweka, nyingine ni makalio.

Lenzi. Ile 18-55 iliyokuja na kamera ukivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linakuwa kubwa. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa karibu kampuni zote ndo ya bei rahisi kuliko zote, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Mara kumi. Hakuna kamera mpya utakayonunua ikupe hiyo tofauti kwa hela hiyo, kwa hiyo mtu akiniuliza anunue bodi mpya au lenzi jibu langu halijabadilika. Kwenye kamera za sensa ndogo, sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha, 50mm inaangalia kama 75 au 80, inafaa sana kwa mtu mmoja mmoja, ila piramidi ikija itabidi urudi nyuma, sasa uhakikishe nyuma yako hakuna bwawa. Jua pia f/1.8 ina gharama yake, kwa kamera ya sensa kubwa mita tano kutoka kwa mtu, eneo lililo kwenye fokasi ni kama mita moja tu mbele mpaka nyuma, mwenye viti anaingia humo, wale wanaokuja mbio kukuelekea hawaingii. Kukiwa na mwanga wa kutosha mi nafunga mpaka f/2.2 au 2.8 kwa kundi.

ISO usiiogope. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona ushauri mwingi mtandaoni hauhusiani na watu wetu. Wanasema shusha mwanga wa picha kidogo uokoe shata, utainua kwenye kompyuta baadaye. Kwa ngozi nyeusi gizani hiyo ni hasara tupu, uso ulishakuwa kwenye sehemu ya giza ya picha, ukiushusha tena halafu ukaja kuuinua unaleta chenga zote juu, vile vidoa vidoa vya picha za gizani, na ngozi inakuwa na rangi ya udongo udongo hivi. Bora ISO 6400 mwanga umekaa sawa kwenye uso kuliko 1600 iliyonyanyuliwa. Chenga za ISO zinasafishika, programu za siku hizi zinafanya vizuri sana, ila uso ambao haukupata mwanga hauna cha kusafisha.

Na usiiachie kamera iamue mwanga yenyewe. Nyuma ya wasanii kuna giza tupu, bahari au pazia jeusi, kamera inaona weusi mwingi inasema hapa kuna giza ngoja niongeze, inashusha shata mpaka 1/30 na mabega yanaungua. Weka manyuo, yaani seti zote unaweka mwenyewe. Mita, kile kipima mwanga cha kamera, iweke ile ya doa inayopima sehemu ndogo tu, ipime kifuani au shavuni kwa mtu aliye chini ya taa kipande cha kwanza kikianza, tengeneza seti, ukague. Unapokagua usiangalie picha nzima kama inapendeza, kuza uangalie jasho. Dakika ya kumi wale vijana wanameremeta mwili mzima, na taa inagonga kwenye bega na paji la uso, vile vidoa vya jasho kuwa vyeupe kabisa siyo mbaya, ila weupe ukianza kutambaa ukala bega zima rudisha kidogo. Kama taa zinabadilikabadilika kila sekunde basi weka shata na tundu kwa mkono halafu ISO iache otomatiki yenye kikomo, na upunguze fidia ya mwanga kama theluthi mbili za stopu ili lile giza la nyuma lisiidanganye kamera.

Taa za LED zina mambo yake. Umeme wetu, Kenya na Tanzania, ni hezi 50, taa nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata ya haraka inaona, unapata picha moja ina mwanga, inayofuata ina giza, nyingine ina mistari ya kulala kama shati la pundamilia. Kabla ya shoo, wakati wanajaribu muziki, piga picha kumi kwa 1/500 ukielekeza jukwaani, zikague. Ukiona mistari, angalia kama kamera yako ina seti ya kuzuia kumetameta kwa taa, iwashe, inasubiri taa iwake ndo inapiga. Tumia shata ya kawaida yenye mlio, ile ya kimyakimya ya kielektroniki ndo inaleta mistari zaidi. Ikigoma kabisa shuka 1/100 ambayo inakula mzunguko mzima wa taa, ukubali kupiga vile vipande vya kutulia tu na samasoti uziache au uzipige zikiwa na mikia kwa makusudi. Na umeme ukikatika wakaingia kwenye jenereta, pima upya, jenereta nyingine hazishiki hezi 50 sawasawa.

Rangi nazo, ukikutana na taa nyekundu tupu au zambarau tupu, usipigane nayo. Piga RAW, lile faili ghafi la kamera, angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya rangi tatu kama kamera inayo, kwa sababu nyekundu inaungua peke yake wakati mstari mweupe unakuonyesha kila kitu shwari, na uso ulioungua nyekundu unakuwa bapa kama umekatwa kwenye karatasi. Nyingine ni za kugeuza nyeusi na nyeupe tu, tena zinatoka vizuri. Ila wengi wana taa moja ya njano au nyeupe wanaiwasha kwa kipande kikubwa, ukishamuuliza kiongozi mpangilio mwulize na hiyo.

Fokasi fupi tu: weka ile ya kufuatilia, AF-C au Servo kutegemea kamera, nukta moja ya katikati kwa sababu za pembeni kwenye kamera nyingi za zamani hazioni gizani. Lenga sehemu yenye utofauti, mkanda, shanga, ukingo wa kaptula ya chui, siyo ngozi iliyo kivulini. Kwa kitu ambacho unajua kitatokea wapi, pete kwa mfano, pete haihami, shika fokasi kwenye ukingo wa pete, funga, subiri mtu aje mwenyewe.

Pa kukaa, mi nakaa chini, kwenye sakafu kabisa, pembeni kidogo siyo katikati. Ukiwa chini mruko wa mita moja unaonekana wa mita mbili na giza la juu linakuwa nyuma yao badala ya meza za wageni. Ukiwa katikati kabisa viti vinajificha kimoja nyuma ya kingine, toka pembeni ndo unaona vimelala upande. Angalia nyuma kuna nini, kile kibao cha kijani cha mlango wa kutokea kinapenda sana kuota kichwani mwa mtu wa juu ya piramidi, na mhudumu na trei yake atapita tu. Acha nafasi juu ya fremu. Nafasi kubwa kuliko unavyodhani, kukata mikono ya mtu aliyesimama kwa mikono juu ya viti sita ni dhambi.

Moto ukifika, badilisha kila kitu, haraka. Anayetema moto anageuka kuwa taa mwenyewe, ukiacha ISO 6400 unapata wingu jeupe lisilo na umbo na uso hakuna. Shuka ISO 800 hadi 1600, f/2.8, 1/250 au 1/500, kabla hajatema, kwa sababu ule mlipuko wa moto unadumu kama sekunde moja hivi. Jukwaa litakuwa giza tii kwenye skrini na utaona kama umekosea, subiri tu. Pale moto ukitoka unamulika uso wake, kifua, na wa pembeni wanaomtazama, ndo picha. Limbo ya moto inakaa muda mrefu kidogo, ukiwa chini uso unapita chini ya fimbo na moto uko juu yake, hapo una sekunde kadhaa za kufanya kazi. Upepo wa baharini angalia unaelekea wapi, usikae kule unakoelekea, mafuta ya taa yanayotemwa yanakuja na upepo na lenzi yako ikipata ule ukungu wa mafuta kuisafisha ni kazi.

Kama huna hela ya kwenda hotelini nenda Forodhani, Unguja, jioni. Makachu, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani kwa mitindo, ni darasa zuri kuliko yote kwa sababu wanarudia rudia, ukikosa wa kwanza wa tano anakuja. Ukuta unaangalia magharibi, jua linazama nyuma yao, kwa hiyo kuna vipindi viwili. Jua likiwa bado, pima mwanga wa mbingu, 1/1000 na zaidi, wao wanatoka vivuli vyeusi safi kabisa na umbo ndo kila kitu, mikono na miguu iwe imeachana isije ikaonekana gunia linaanguka. Likishazama una kama dakika ishirini tu, huku kwetu giza halina mjadala, mwanga unashuka na wewe unafungua lenzi na kupandisha ISO karibu kila dakika mbili. Lenga kileleni mara tu baada ya kuachana na ukuta, usimsubiri chini, mtu aliyeanguka mita tatu anapita pale karibu mita nane kwa sekunde. Shika fokasi kwenye ukingo wa ukuta. Na vijana wanategemea kitu kidogo, ongea nao kabla, mkubaliane, usijifanye mtalii unayepiga kwa mbali na lenzi ndefu.

Wa simu msijisikie vibaya. Zima ile modi ya usiku kwanza, yenyewe inashona picha nyingi za polepole kuwa moja, kwa mtu anayeruka inatengeneza mzimu. Tumia lenzi kuu, usizumu kwa ile ya pili, mara nyingi ina sensa ndogo na tundu dogo. Ingia modi ya pro kama ipo, 1/250, ISO iache ipande. Au piga video ya 4K ukatoe fremu baadaye, na kama simu inaruhusu weka fremu 25 au 50 kwa sekunde badala ya 30 au 60, kwa sababu ya zile hezi 50 za umeme, video haitametameta.

Ukifika nyumbani chagua kwa ukatili. Mimi naangalia vidole vya miguu, mwanasarakasi mzuri miguu yake imenyooka mpaka vidole, na yeye mwenyewe ndo kitu cha kwanza atakachoangalia kwenye picha yake, ukimpa ambayo mguu umelegea hataitumia hata kama mwanga ni wa ajabu. Safisha chenga kwa kiasi, ukizidisha jasho linafutika na ngozi inakuwa plastiki. Kwenye kundi kukiwa na watoto, picha zao usizirushe mtandaoni mpaka mzazi au mkubwa wa kundi akubali. Halafu wape picha zao, ulishaahidi, wanazitumia kutafutia mikataba ya hoteli na ya nje. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, ukizituma kama picha za kawaida zinabanwa na kiongozi akitaka kuprinti bango hakuna kitu, na andika jina la kundi kwenye faili maana makundi mengine yanavaa chui vilevile na baada ya mwaka hutakumbuka nani ni nani.